Mtani Aliyefagia Chumba cha Mama

Doto Lugembe alifika pale mwanamke wa hadithini anapokivisha kibuyu kofia ya mtoto, akafunga kitabu, akakiweka juu ya mashine ya fotokopi. Kisha akakiondoa, akakitia chini ya kaunta. Hapo napo hakuridhika. Mteja aliyekuwa akisubiri nakala za cheti chake akamwuliza, "Dada, umeme umekatika?" Doto akajibu kwamba umeme upo, akili ndiyo imekatika.

Mteja akacheka. Laiti angejua! Kofia ile ilikuwa ya manjano, imefumwa kwa mkono, utepe wake mmoja umeng'oka. Na kofia ya manjano yenye utepe mmoja duniani ni moja tu. Ilikuwa Usinge, chumbani kwa mama yake mzazi, na kilichoivaa ni kibuyu.

Haya, tuelewane kabla hatujafika mbali. Huyu Doto ana duka la vitabu na madaftari pale Gongoni, na kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa na kipindi katika redio moja ya mjini Tabora, kinaitwa Tufunue Pamoja. Kazi yake kuhakiki vitabu. Si uhakiki wa maneno ya kuvunja meno. Alikuwa na mtindo wake mwenyewe, na watu walimpendea huo: kitabu kimoja, Jumamosi mbili. Kabla ya Jumamosi ya kwanza anasoma nusu, anakoma. Hachungulii mbele hata umlipe. Anaingia hewani hajui mwisho, anasema alichokiona, anabashiri, wasikilizaji wanapiga simu wanambishia, kisha kila mtu anakwenda kumalizia kwake. "Sisi ni msafara mmoja," alipenda kusema, "mimi sijatangulia." Watu wa Tabora ukiwatajia msafara umewapata.

Sasa Jumamosi iliyopita kitabu kilikuwa Anayelishwa, chembamba, cha kutisha. Lakini kilitisha kama moto wa pumba, juu huoni ulimi wa moto na chini kunaungua. Mwalimu mgeni anapangiwa shule ya kijiji kimoja kwenye njia ya zamani ya misafara, msitu umekizunguka. Hakuna linalotokea. Wanamkaribisha vizuri, wanampa asali. Ila kila nyumba anamokula anaona sahani moja imezidi, haina mwenyewe, na hakuna anayeigusa. Akiuliza anaambiwa kwamba hata wapagazi wa zamani hapa hawakulala, walipita wakiimba kwa sauti kubwa. Basi. Nusu nzima ya kitabu ni sahani na nyimbo.

Doto alikisifu mpaka Gerson, fundi mitambo, akamwonyesha saa kupitia kioo. "Mwandishi huyu hapigi kelele," alisema hewani. "Anakuwekea sahani, halafu anakuacha nayo. Jamani, kisomeni! Urambo kisomeni, Kaliua kisomeni. Na nyumbani kwetu Usinge, mtu ampitie mama yangu amsomee, maana macho yake siku hizi hayaoni herufi."

Ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake mwenyewe.

Na mwandishi alikuwa nani? Alikuwa mtani wake. Mwalimu Octavian, Mngoni, baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, yeye akazaliwa hapa na kubaki hapa, nyumba yake Isevya mtaa wa pili kutoka kwa Doto. Wanyamwezi na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu, na hawa wawili waliufanya utani ukawa kazi ya pili. Wakikutana sokoni watu husimama kusikiliza. "Wee mpagazi, mzigo wa nani leo?" "Kimya, mkimbizi, babu zako walitoka kusini wanakimbia na wewe mpaka leo hujapata pumzi." Hata hewani walitukanana hivyohivyo, na wasikilizaji walikuwa wakipiga simu kuomba waendelee.

Mtani si rafiki tu. Baba yake Doto, mzee Damas Lugembe, mrina asali, alipofariki mwaka juzi, Octavian alikuwa Usinge kabla ya nusu ya ukoo. Nyumba ya msiba humfungukia mtani kuliko ndugu. Ndugu kazi yake kulia. Mtani ndiye anachota maji, anachimba kaburi, anavaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka mjane anacheka machozi yangali mashavuni. Mtani anaingia hata chumba cha ndani kufagia, na hakuna wa kumwuliza unatafuta nini. Octavian alifanya yote hayo, na aliyafanya vizuri, Mungu shahidi.

Alipofagia chumba cha mama, akakikuta kile kibuyu. Kilikuwa kitandani upande wa ukutani, kimefunikwa kanga kuukuu hadi shingoni.

Doto alimkuta amekishika, hajui akicheke au akirudishe. Akamnyang'anya. Kisha, kwa kuwa alikuwa amelia siku nzima mbele za watu kwa adabu, akakaa chini akalia bila adabu, na akamweleza. Yeye anaitwa Doto kwa sababu alikuwepo Kulwa. Pacha wake alikufa kwa homa hata hajaota jino. Zamani, Unyamwezini, pacha mmoja akifa, aliyebaki alilazwa na kibuyu kilichovishwa, asije akamtafuta mwenzake na kumfuata. Bibi ndiye aliyekileta. Mama, Mkatoliki wa kuamka kwenda misa ya alfajiri, alikipokea. Doto akakua, akaenda shule, akaolewa, akaachika, na kibuyu kikabaki. Kila asubuhi mama alikipaka uji kidogo mdomoni kwa kidole, akasali rozari, akaenda shamba. Padri hakujua. Kijijini wanamwita Mama Kulwa mpaka leo, na walidhani ni jina tu.

"Usimwambie mtu," Doto alisema.

"Nimwambie nani?" Octavian alijibu. "Mimi nimekuja kufagia."

Kumbe alikuwa anazoa!

Basi pale dukani Doto alikitoa kitabu chini ya kaunta, akasimama, akasoma mpaka mwisho hajakaa. Jina la mwanamke lilikuwa jingine. Vingine vyote vilikuwa vya mama: jicho la kushoto lenye utando, baiskeli ya buluu ya marehemu imeegemezwa ukutani, nyumba ya mwisho kabla ya reli. Na kibuyu. Kila kikipakwa uji, mtoto wa nyumba ya jirani anakonda. Mwandishi hakuharakisha. Alikondesha watoto polepole, mmoja baada ya mmoja, kwa sentensi fupi nzuri, mpaka wanakijiji walipobeba mafuta ya taa kuelekea nyumba ile ya mwisho, msomaji yeyote angekuwa anawahimiza.

Na Doto aliwahimiza. Hilo ndilo lililomkata maini. Kwa muda mfupi tu, kitabu kimemshika, alitamani wafike upesi, wawashe. Halafu akakumbuka ni nani aliyemo ndani.

Alifunga duka mchana kweupe, akaenda Isevya.

Octavian alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Kumwona tu akapaza sauti, "Mpagazi! Leo umetupa mzigo wapi?"

Doto hakujibu utani. Alikitupa kitabu juu ya madaftari. "Octavian. Mama yangu."

Uso wa Octavian ukabadilika, lakini si sana, na Doto aliona kwamba mtu huyu alikuwa akingoja siku hii. "Nilibadilisha jina," alisema.

"Ukaacha jicho."

"Ni hadithi, Doto. Kila mwandishi huokota. Ile picha haikunitoka. Mwanamke, kibuyu, kanga mpaka shingoni. Niliota nayo. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza!"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Wewe unajua huko vijijini bibi kizee mwenye jicho bovu akinong'onwa anafanywa nini. Unajua kuliko mimi, maana umeandika vizuri mno."

Octavian akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Doto akamwuliza jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu Gongoni. "Uliniletea kitabu mapema, kabla ya mtu yeyote. Ulijua nasoma nusu. Ulikiweka kibuyu baada ya nusu makusudi?"

"Hapana. Hadithi ndiyo ilitaka hivyo."

"Octavian."

"Nilijua tu," alisema hatimaye, "kwamba ukikisoma chote kwanza hutakisema. Na usipokisema wewe, Tabora nzima hakuna atakayejua kwamba nimeandika. Miaka yote naandika, Doto. Nani amewahi kunisoma?" Kisha akajaribu kutabasamu. "Na zaidi ya hayo, mtani hashtakiwi."

Loo! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe utaipiga pasi wewe, na kuivaa kwenda nayo redioni. Doto alimtazama mtu aliyevaa koti la marehemu akamfanya mama acheke siku ya maziko. Alitaka kumtukana. Katika miaka yote hiyo alikuwa amemtukana kila tusi alilolijua, kwa upendo, na sasa alipolihitaji moja la kweli hakulipata.

Kesho yake alipanda basi la Kaliua, na toka Kaliua akaunganisha mpaka Usinge.

Alimkuta mama jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mtama usiohitaji kupepetwa.

"Shikamoo, mayu," Doto alimwita kwa Kinyamwezi cha nyumbani, kama alivyomwita alipokuwa mtoto.

"Marahaba. Umekuja bila kupiga simu. Basi unajua."

"Nani alikusomea?"

"Si ulisema redioni mtu anipitie? Siwema alinipitia."

Siwema alikuwa jirani, mwenye wajukuu waliozoea kushinda uani kwa mama kwa sababu ya asali. Mama alisimulia bila haraka. Siku ya kwanza walicheka, na Siwema alisema kijiji hicho kweli kinafanana na huku kwetu. Siku ya pili Siwema alianza kusoma taratibu, akawa anarudia mistari. Alipofika kwenye jicho, alimtazama. Alipofika kwenye kibuyu akafunga kitabu, akasema ameacha ugali motoni. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nani anasonga ugali saa tatu? Hakurudi. Wajukuu nao hawakurudi. Mwalimu Octavian mwenyewe alikuwa ameleta boksi zima la vitabu kwa walimu wenzake wa shule ya pale, na wanafunzi walikuwa wanasomeana njiani.

"Jumanne nimefungua mlango," mama alisema, "nimekuta sahani. Tupu. Imewekwa vizuri, katikati ya kizingiti."

Doto akakaa sakafuni. "Mama, twende Tabora. Leo hii. Funga vitu."

"Nikimbie? Nikikimbia si nimekubali?" Mama aliweka ungo chini. "Na wakija watafute. Hawatakuta kitu."

Doto alielewa kabla hajainuka, lakini aliinuka hata hivyo, akaingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Upande wa ukutani kanga ilikuwa imekunjwa, imewekwa juu ya mto, haina kitu ndani. Alirudi jikoni akatazama mafiga matatu na majivu.

"Kibuyu kikavu," mama alisema. "Hata chai isingechemka."

"Na kofia?"

"Na kofia."

Wakakaa. Nje treni ya mizigo ikapita, na wote wawili waliingoja ipite kama walivyoingoja maisha yote. Doto alilia, mama hakulia. Kisha mama akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya chumvi, "Yule mtani alikiona tu kimelala. Ya uji nani alimwambia?"

"Mimi, mama."

"Haya."

Baadaye, wakila, mama alisema Jumamosi Doto aende redioni kama kawaida. "Mimi sasa sina cha kuficha, nimeshakichoma. Kimebaki jina langu tu. Litaje. Mtaje na Kulwa. Waseme walivyosikia kwako, wasiseme walivyosoma."

"Nikikutaja watakuja."

"Wameshakuja. Wameleta sahani."

Ijumaa Doto alirudi Tabora. Kabla ya kuondoka alimpitia katekista na mtendaji wa kijiji, akawaeleza yote kwa kituo, na wakaahidi mtu wa kulala nyumba ile. Mama alimkataa huyo mtu, kisha akampikia.

Jumamosi ya pili mwandishi hualikwa studio. Octavian alikuja, shati limenyooshwa, kitabu mkononi. Doto alikuwa ameshavaa visikilizio. Gerson alikuwa tayari anatabasamu, anangoja waanze.

"Karibu, Mwalimu Octavian," Doto alisema. "Habari za asubuhi. Karibu kiti."

Gerson aliinua kichwa. Asiyezijua mila hizi atasema huo ni ungwana. Waliozijua, na mji mzima uliokuwa ukisikiliza ulizijua, walisikia kofi. Heshima kati ya watani ni mlango unaofungwa usoni.

"Mpagazi!" Octavian alisema kwenye kipaza sauti, akicheka. "Leo umeamka na adabu za nani?"

"Nimeamka salama, Mwalimu. Nashukuru kwa kuniuliza."

Kicheko chake kikamwishia mdomoni.

Doto akahakiki. Na alihakiki kwa haki, hilo lazima lisemwe, maana hakuona sababu ya kuongeza uongo juu ya uongo. Alisema lugha ni safi. Alisema mwandishi anajua kusubiri, na kwamba woga wake unaingia kwa mlango wa jikoni. "Niwaulize ninyi mliokwisha kukimaliza," alisema. "Yale mafuta ya taa yalipobebwa, mlifurahi? Mimi nilifurahi. Kitabu hiki kimeandikwa vizuri kiasi kwamba kilinifanya nitamani mama yangu mzazi achomwe moto."



Akaeleza. Alimtaja mama, Apolinaria, Mama Kulwa wa Usinge, nyumba ya mwisho kabla ya reli. Alimtaja Kulwa na homa yake. Alisema kibuyu kile hakikumkondesha mtoto wa mtu, kilimnenepesha mmoja, ndiye huyu mnayemsikia. Alisema nani alifagia chumba kile, siku gani, na kwa ruhusa ya mila ipi. Sauti ilimtetemeka mara moja tu, aliposema kwamba kibuyu hakipo tena, mama amekichoma kwa kuogopa majirani.

Octavian aligeuka ghafla kumtazama. Hilo hakulijua. "Amekichoma?" aliuliza, bila kipaza sauti.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Doto, mimi sikutaka… Mtani wangu, nisikilize…"

"Mwalimu, kwa heshima zote, hilo neno naomba unirudishie. Ulikuja kwetu nalo ukafungua nalo kila mlango. Siku nyingine ukifika kwetu, karibu sana. Utaketi sebuleni. Utaletewa maji ya kunawa na chakula, kama mgeni yeyote."

Octavian akakiweka kitabu chake mezani. Machozi yalimtoka waziwazi. Doto aliyaona, na yalimwuma, maana miaka yote ile haikuwa ya uongo. Lakini hakumtania ili anyamaze. Alimpa leso ya karatasi, akamwita Mwalimu tena, akaomba wimbo.

Nje, kwenye ngazi za redio, simu iliita. Alikuwa mama.

"Nimesikia," mama alisema. "Umesema taratibu, nimesikia yote."

"Kuna mtu kaja?"

"Siwema. Kakaa kizingitini na redio yake, hakuingia ndani. Kipindi kilipoisha akaniambia shikamoo, akaenda. Sasa hivi karudi, kaleta mjukuu mmoja. Yule mdogo."

"Basi afadhali, mama." Doto alijifuta uso kwa kiganja. "Afadhali. Na wewe umelalaje?"

Nyuma ya mama kuku walisikika, na mtu anachota maji.

"Sijalala, mwanangu. Kila nikigeuka mkono unakwenda ukutani, unapapasa. Naurudisha, unakwenda tena. Mimi najua hakipo. Mkono ndio haujaambiwa."